Jina la Kati la Mjukuu Wangu

Mwaka ule wa tisini na mbili niligombana na karatasi. Ndiyo, karatasi, kwa sababu mtu niliyepaswa kugombana naye alikuwa mkwe wangu, na kwetu Uluguru mama mkwe hagombani na mkwe. Hasemi naye ana kwa ana, hali naye, hata wakikutana njiani mmoja anapinda. Sasa fikirini mwanamke mwenye mdomo kama wangu, mimi Yuliana niliyezoea kunadi mananasi sokoni Mkuyuni mpaka watu wa ng'ambo ya mto wanasikia, nimekaa siku arobaini mjini, Mwembesongo, kwenye nyumba ya vyumba viwili pamoja na mkwe. Niliteseka, jamani!

Nilikuwa nimeshuka mjini kumlea mwanangu Rosa, aliyejifungua mtoto wa kike. Rosa ndiye binti yangu pekee, wengine wanne ni madume, nami mwenyewe sina dada. Na kwetu ukoo, tunaouita lukolo, unapita kwa mama. Watoto wa wanangu wa kiume nawapenda, nawabeba, nawapikia, lakini ukoo wao ni wa mama zao. Kwa hiyo kile kitoto cha Rosa, chekundu, chenye kelele, ndicho peke yake kilichobaki cha kulichukua jina la mama yangu, Mosi.

Mama alifariki mwaka wa themanini na tatu. Shamba lake liko juu ya Mkuyuni, mahali pa kupanda kwa mikono na magoti. Nilipokuwa mdogo mvua iliporomosha nusu nzima, na wanaume wakasema basi, liachwe. Mama akachukua tenga. Kiangazi kile na kilichofuata alikuwa anateremka bondeni, anajaza udongo, anapandisha kichwani, anamwaga, anateremka tena. Watu walimcheka. Alipomaliza akapanda migomba, na migomba hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka darasa la nne.

Kwenye ukoo wetu, shamba la mwanamke linafuata jina lake. Mtoto wa kike wa uzao wake akipewa lile jina, shamba ni lake, hakuna wa kuligusa. Akikosekana, wazee wanaligawa upya. Na aliyekuwa analimezea mate ni Stephano, mtoto wa mama yangu mdogo. Siku hizo kila kitu kilikuwa ruksa: ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuvaa makoti ya mitumba kwenye jua kali. Stephano naye alishapata tajiri wake wa mjini, anataka kuliuza. Mjomba Anselmi, mkuu wa ukoo, akaitisha kikao siku ya Jumamosi na kunitumia salamu: "Yuliana, njoo na mwenye jina, au ukae kimya moja kwa moja."

Sasa twende kwa mkwe. Thobias ni Mnyamwezi wa Tabora, bwana mifugo, mtu mpole, anakunja shati lake mwenyewe. Jina la kwanza alishachagua: Doreen. Sikuwa na ugomvi na Doreen, acha aitwe. Nilitaka lile la katikati tu. Nikamwita Rosa jikoni nikamweleza yote: tenga, udongo, Stephano, kikao. "Kamwambie mumeo," nikasema, "yote, usiache hata nukta."

Rosa akarudi. "Amekataa, mama. Anasema jina la kati ni la baba, ndivyo serikali inavyoandika."

"Serikali ilimbeba miezi tisa?"

Nikamtuma mara ya pili, nikamtuma ya tatu. Jibu lile lile. Nikaanza kusema na mtoto kwa sauti, mlango ukiwa wazi: "Eti Doreen, wewe umezaliwa na baba peke yake? Bibi zako waliota kama uyoga?" Sebuleni Thobias anakohoa, anaongeza sauti ya redio. Nikasema na kuku, nikasema na sufuria. Wapi! Arobaini ikatimia Jumatano, na Alhamisi, nikifagia, nikaiona mezani ile karatasi ya hospitali inayopelekwa bomani kwa ajili ya cheti. Alishaijaza kwa penseli: Doreen Thobias Mihambo. Mihambo ni baba yake Thobias. Kesho yake ilikuwa siku ya kuipeleka.

Nilikaa chini pale pale na ufagio wangu. Nililia kwa hasira.

Jioni hiyo, nikiwa nyuma ya nyumba naanua nepi, nikamsikia Thobias ndani akimwambia mkewe kwa upole kabisa, "Mama yako jina hilo analipenda kweli. Si tukizaa wa pili tumpe? Kuna haraka gani?"

Kuna haraka gani! Nikaziacha nepi kwenye kamba. Nikamvuta Rosa mpaka jikoni.

"Wewe, ulimwambia nini hasa mumeo?"

Akatazama miguu yake. "Nilimwambia unaomba mtoto aitwe Mosi, ni jina zuri la zamani."

"Na shamba?"

"Niliona haya, mama. Angedhani tunamtumia mtoto wake kupata ardhi."

"Na tenga? Na kikao cha Jumamosi?"

Akafunika uso kwa viganja, akaanza kulia. Loh! Mara tatu nimemtuma na habari nzito ya ukoo, mara tatu ameipunguza mpaka imebaki pambo. Na mimi na mkwe, kila mmoja na heshima yake, tumenuniana mwezi mzima kwa jambo ambalo mmoja wetu hajawahi kuambiwa. Nilitaka kumpiga Rosa kwa mwiko wa ugali. Nikamkumbatia, kwa sababu alikuwa analia, halafu nikajifunga khanga kichwani mpaka machoni.

Nikaenda mlango wa sebule, nikampa Thobias mgongo, nikautazama ukuta. "Mkwe wangu," nikasema, "nisamehe, leo navunja mwiko."

Redio ikazimwa. Basi nikauambia ukuta yote. Nikauambia jinsi shingo ya mama ilivyobaki imeinama upande mmoja kwa kubeba lile tenga. Nikauambia kwamba shamba likienda, nitaumia, lakini shamba ni udongo. Jina likienda, itakuwa kama mama yangu hakuzaa. Nikaishiwa pumzi.

"Mama," Thobias akasema, "mimi ni mtoto wa kwanza kwetu. Baba yangu anangoja barua ya kumwambia kwamba mjukuu wake anaitwa kwa jina la mwanawe. Leo sina jibu."

Sikumlaumu. Huyo naye ana kwao. Ijumaa akaondoka asubuhi na karatasi ndani ya mkoba, akarudi jioni, hakusema neno, hata kwa mkewe. Nami nilishavunja mwiko mara moja, mara ya pili nisingeweza. Jumamosi alfajiri nikamfunga mtoto mgongoni, nikamwona Thobias naye anafunga kamba za viatu. Tulishuka kwenye gari Mkuyuni tukaanza kupanda. Viatu vyake vya ofisini vilikuwa vinateleza kila hatua tatu, akianguka anaamka, anajikung'uta, anaendelea. Mimi mbele na mtoto, Rosa katikati yetu.

Uwanja wa mjomba Anselmi ulikuwa umejaa. Stephano, ndani ya koti lake la mtumba, hakungoja hata tukae. "Wazee, tusipotezeane muda. Huyo mtoto ni Doreen Thobias. Mwembesongo nzima inajua."

Mjomba Anselmi akainua mkono. "Jina haliwekwi kwa kumviziavizia mzazi. Baba wa mtoto yupo. Aseme kwa mdomo wake."

Thobias akasimama, magoti yote matope. Akaitoa karatasi mkobani. Moyo wangu ulikufa: penseli ile ile, maneno yale yale.

"Shikamooni wazee. Jana nilikwenda nayo bomani," akasema. "Nikapanga foleni, nikafika dirishani, karani akanyoosha mkono. Nikashindwa kumpa. Nikatoka, nikamwandikia baba yangu barua. Nimemwambia jina lake Mihambo liko mwisho, halikuguswa. Linalopisha ni langu. Mimi nipo, mwanangu ataniita baba kila siku. Yule bibi Mosi aliyebeba mlima kichwani ana nani mwingine wa kumwita?"

Akaomba kalamu. Akafuta lile Thobias kwa kidole chenye mate, karatasi ikachafuka kidogo, akaandika juu yake kwa wino: Mosi. Kisha akamkabidhi mjomba.

"Huyu si wa ukoo wetu!" Stephano akapayuka. "Anaamua kama nani?"

"Si wa ukoo, na ameliweka kando jina lake," mjomba akasema. "Wewe ni wa ukoo, ulitaka kuuza. Kaa chini."

Weee! Vigelegele vilivyopigwa pale! Wanawake wakaninyang'anya mtoto, wakampokezana, Doreen Mosi huku, Doreen Mosi kule, Thobias akamwagiwa unga wa baraka kichwani na wajomba, anacheka, hajui afanye nini na mikono yake. Mimi nilicheza mpaka khanga ikanidondoka mbele ya mkwe na sikuiokota.

Halafu nikamchukua mjukuu wangu, nikapanda naye mpaka shambani, kwenye migomba. Ng'ambo ya bonde bibi Sabra alikuwa analima. Huyo na mama yangu walilima wakitazamana miaka arobaini, wakisalimiana kwa kupiga kelele, na tangu msiba lile jina halikuwahi kuitwa tena kwenye mteremko ule. Nikajaza kifua.

"Mosiii!"

Bibi Sabra akainua mgongo. Akaweka kiganja juu ya macho, akatazama upande wetu, na sauti yake ikavuka bonde ikitetemeka: "Yupo?"

Nikamwinua mtoto juu kwa mikono miwili, machozi yananitiririka mpaka shingoni.

"Yupo, bibi! Huyu hapa! Njoo umwone!"