Breki Nzito, Breki Nyepesi

…zimemdodea hizi nzito, ndiyo maana anazisifia, mwenye duka hakushawishi ununue kitu cha bei ndogo ila ana lake jambo, nami si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, nimeshona nguo za watu tangu sijaota ndevu, najua muuza kitambaa anavyokisifia kilicholiwa na nondo, na huyu fundi baiskeli ni walewale, kanishikisha breki mbili, nyepesi kulia, nzito kushoto, eti pima mwenyewe mzee wangu, nipime nini, mkono wangu mizani? tofauti yenyewe haifiki hata kijiko… "Baba, nyepesi," anasema binti yangu, kasimama pale kwenye baiskeli yake ya mbio, "mlimani kila gramu ni adui," maneno ya kocha hayo, na kocha mwenyewe simwamini, mtu anakuamkia huku anatafuna ubani… "Kupanda sawa," anasema fundi, "na kushuka je?" tena hanitazami mimi, anamtazama mtoto, anamtazama nini? katazame wako… siku hizi wa kumwamini nani, pini zangu zenye vichwa vyekundu zinapungua kopo zima, najua ni yule mshonaji mwenzangu tunayegawana chumba, kikulacho ki nguoni mwako, namvizia tu… "Nyepesi si mbaya, mzee, ila zinataka vidole vyenye nguvu, hizi nzito ukigusa tu zinakamata," vidole! mwanangu anayemaliza mlima kabla jirani hajapiga mswaki, leo hana vidole, makubwa haya… ingawa asubuhi chupa ya asali ilimshinda kufungua, akamrudishia mama yake, akacheka, nikasema mfuniko umegandia, asali hugandisha, ndiyo… "Hebu abonyeze hiyo breki ya ukutani, ni nyepesi vilevile," anasema fundi, na binti yangu anaishika, anabonyeza, analeta na mkono wa pili, anabonyeza kwa yote miwili, ahaa, kaikaza makusudi huyu, nimemkamata! nazikusanya zangu mbili mkono mmoja, nanyoosha kidole, nabonyeza… imeingia. Kwa kidole kimoja. Haijakazwa.

…basi amechoka, mazoezi yanachosha, ila ile kaptula ya mbio nimeipunguza kiunoni mara mbili msimu huu, nikasema lastiki, lastiki za siku hizi hazina adabu, nikaenda kumgombeza aliyeniuzia mbele ya wateja wake, maskini ya Mungu, akaniapia, sikumsikia… na mizani ya jikoni, mama yake kaikuta chumbani kwake chini ya kitanda, "napima skrubu za baiskeli, mama," tukacheka wote, mtoto na skrubu zake, lakini ilikuwa na makombo ya mkate juu yake, niliyaona kwa macho yangu, skrubu gani inaacha makombo… na kila jioni, "nimeshakula kwa kocha"… na kocha juzi, na ubani wake mdomoni, ananiuliza, mzee, huyu nyumbani anakula? nikamwona ana dharau, anataka kusema kwangu hakuna chakula… "Mzee, nikufungie zipi?" jua lote hili na binti yangu kavaa sweta, anajinyoosha kuirudisha ile breki ukutani, sweta inapanda, na pale kiunoni, kwenye kaptula niliyoipunguza kwa mkono wangu, kitambaa kimekunjwa tena, kimeshikizwa kwa pini, kichwa chekundu, na nyingine, na nyingine… zangu… Mungu wangu, mwanangu anaisha, anaisha ndani ya nguo ninazomshonea, nami na futi langu shingoni nashuku lastiki… amenigeukia, ameshusha sweta haraka, "baba, si nyepesi?" na fundi sasa ananitazama mimi, naye alijua, kumbe alijua tangu tulipoingia… na bado nimezishika zote mbili mkononi, na siwezi kusema ni ipi nzito, "Mzee? Zipi?"… subiri, fundi, subiri kwanza.