Siku ya Tatu Baada ya Kisu

Uvumi ulimwingia Nsimire sikioni kama maji ya kuoga. Hata alipoinamisha kichwa ulikataa kutoka. Aliuokota sokoni Kadutu, kwa mwuza mihogo mwenye shemeji kule Bunyakiri. Shemeji huyo alipasuliwa shingo akatoka mzima, ila sauti, eti, ilibaki mezani pa daktari.

Na sasa binti wa Nsimire, Ghislaine, mwalimu wa darasa la kwanza, alikuwa kitandani hospitalini siku ya tatu baada ya upasuaji, shingo imefungwa kola ngumu ya kuishikilia. Pikipiki ilimtupa barabara ya Kavumu, mfupa wa shingo ukahama. Lakini kidonda kilikuwa mbele, chini ya koo. Maumivu nyuma, kisu mbele! Nsimire aliliwaza jambo hilo mpaka akili ikamwenda mrama. Nani apitaye dirishani mlango ukiwa wazi?

Muuguzi Adalbert alikuwa amemweleza kwa upole. Njia ya mbele ndiyo fupi. Ili kuufikia mfupa, koo husogezwa kando, nalo huvimba, na sauti huchoka.

"Kwa wengi inarudi, maman. Kwa sasa apumuzishe sauti. Ale uji tu, kidogo kidogo, akiwa amekaa wima."

Nsimire aliitikia, lakini moyoni alisikia jingine. Sauti nzima hupumzishwa kwa nini? Haipo. Wananificha.

Adhuhuri wanakwaya wa parokia waliingia na vyungu vyao, kwani mgonjwa haamkiwi mikono mitupu. Mmoja wao, Maman Bijou, alisimama miguuni pa kitanda.

"Ghislaine, hata salamu hautupatie? Ulishakuwa madame mukubwa, ee?"

Wakacheka. Ghislaine aliinua mkono, akaonyesha koo. Kicheko kile kilimchoma Nsimire kuliko tusi. Nijue leo hii kama sauti ipo, na yaishe. Akamega bugali katika chungu kimoja, akachovya kwenye sombe ya majani ya muhogo.

"Kula, mwanangu. Halafu uniitie majina ya watoto wa darasa yako."

"Maman, muuguzi alisema…" Sauti ya Ghislaine ilikuwa mkwaruzo, kama ufagio juu ya saruji.

"Munaona? Iko! Ongeza nguvu. Anza na wa kwanza."

Ghislaine hakuwahi kumkatalia mamaye. Akiwa amejilaza nusu, tonge mdomoni, akaanza: "Emile… Aimée…" Jina la tatu halikutoka. Macho yalimtoka, midomo ikageuka rangi, kikohozi kikagoma kifuani.

Maman Bijou akapiga ukelele. Adalbert alikuja mbio, akamketisha, akamshika kichwa na kifua kwa pamoja, akamwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja. Mara ya kwanza, hakuna kilichotoka. Mara ya pili tonge likaruka, na pumzi ikarudi ikipiga mluzi.

"Nani alimupatia bugali?"

Wanakwaya wakarudisha vifuniko vya vyungu vyao.

"Ni mimi," Nsimire akasema. "Nilitaka kujua kama sauti iko."

"Ilikuwako, maman. Sasa tungoje, siwezi kukuahidi kama itarudi."

Hakumkaripia, na hilo ndilo lililomwelemea. Alasiri nzima hakujua amlaumu nani: mwuza mihogo, kisu, au mkono wake mwenyewe uliomega. Ghislaine alimtazama, midomo imefumbwa. Kama alikuwa akitii au hakuweza tena kusema, mama hakuweza kutambua. Jioni Nsimire aliomba kalamu. Kwa herufi kubwa za shule ya msingi akaandika juu ya kipande cha katoni, akakitundika mlangoni:

MUNAOKUJA KUONA GHISLAINE, MUSIFANYE HIVI
Musimupe bugali, muhogo, mukate mukavu, samaki ya sambaza.
Musimulishe akiwa amelala. Akimaliza kula, musimulaze mbio.
Musimuchekeshe akiwa na chakula mudomoni.
Musimufungue kola.
Musimusemeshe, hata kwa kunong'ona.
Akishindwa kupumua ao kumeza mate, musingoje kesho. Muite muuguzi.
Musimupime sauti. Mimi mama yake nilimupima.