Dakika Mbili Mbele ya Kamati

Jotham Muriuki alikuwa na kazi mbili Minnesota. Ya kwanza, iliyomlipa, ilikuwa kuendesha tingatinga juu ya lundo la makaa ya mawe katika kituo kimoja cha umeme kando ya Mto Mississippi. Ya pili, isiyomlipa, ilikuwa u-MC. Hakuna harusi, matanga wala harambee ya Wakenya kuanzia Brooklyn Park hadi Blaine iliyofanyika bila yeye kushika maikrofoni, na akishaishika hakuna aliyethubutu kuidai.

Kwa hiyo mapema mwaka 2017, mswada ulipofika katika bunge la jimbo kutaka kituo chao kiache makaa na kitumie gesi asilia, wenzake wa zamu hawakupoteza muda kuchagua msemaji. Harrison, msimamizi wao, alisema tu, "Jotham ataongea." Kila mtu alijua kilichokuwa hatarini. Makaa huja kwa treni, hushushwa, husukumwa, hulundikwa, halafu husukumwa tena. Gesi huja kwa bomba, na bomba halina haja na mtu wa tingatinga. Mswada ukipita, Muriuki angekuwa mwanamume wa miaka hamsini na mmoja mwenye ujuzi wa kusukuma kitu ambacho hakipo. Jambo hilo lilimtia hofu, naye hakumwambia mtu.

Jedidah, mkewe, alikuwa muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa mapafu, hospitali moja ya Minneapolis, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Udhaifu wake mmoja, kadiri Muriuki alivyojua, ulikuwa foronya. Popote bei ziliposhushwa, Jedidah alirudi nyumbani na foronya mpya, nyeupe. Muriuki alimtania hata mbele ya kanisa kwamba Marekani imemharibia mke. Watu walicheka. Jedidah naye alicheka, kidogo.

"Baba Fiona, leo ufupishe," alimwambia asubuhi ya kikao cha kamati, wakielekea bungeni Saint Paul. "Wamesema ni two minutes."

"Hizo ni za watu hawajui kuongea."

Kwenye chumba cha kamati kulikuwa na taa tatu za kuhesabu muda juu ya meza ya msemaji: kijani, njano na nyekundu. Jedidah alimwendea karani, akainama, akaandika kitu. Muriuki alidhani anaulizia choo.

Alipoitwa, alifunga kifungo cha koti. Kwa imani yake, MC anayesema "itifaki izingatiwe" kisha akaruka majina ya watu ni mvivu, tena hana adabu. Akamsalimu mwenyekiti. Akamsalimu makamu wake. Akawasalimu wajumbe wote kumi na watano, mmoja mmoja, akisoma vibao vya majina yao, na waliotoka upande wa Blaine akawaomba wapunge mkono. Wawili walipunga. Taa ya njano ilipowaka aliichukua kama kutiwa moyo, akamshukuru Mungu kwa kuwafikisha salama katika theluji ile. Akamwomba mkewe asimame aonekane. Jedidah akasimama. Muriuki akafungua karatasi yake, na taa nyekundu ikawaka.

Mwenyekiti alimshukuru, akamuuliza, kwa ajili ya kumbukumbu, kama anaunga mkono mswada au anaupinga.

"Hapo ndipo nilikuwa nafika," alisema Muriuki.

Karani aliandika kwamba msemaji hakueleza msimamo. Kisha akaita jina lililofuata, nalo lilikuwa Jedidah Muriuki.

Jedidah hakumsalimu mtu. Alitoa foronya kwenye mkoba, akaitandaza mezani. Katikati ilikuwa na doa jeusi, kubwa kama kiganja.

"Mume wangu mmeshamjua," alisema. "Akitoka kazini huoga vizuri. Hiki ndicho anachokohoa baada ya kuoga. Naomba mpitishe gesi."

Alitumia sekunde ishirini. Karani akauliza kama foronya ni kielelezo, maana kielelezo hutakiwa nakala kumi na tano. Jedidah akasema ataleta Jumatatu.

Mswada ulipita kwenye kamati kwa tofauti ya kura moja. Nyuma kabisa, Harrison alikuwa akitazama viatu vyake.

Muriuki aliona aibu kwanza, halafu hasira, na hasira ilidumu mpaka kwenye maegesho. Pale ikamjia kwamba hajawahi kuliona lile doa. Yeye huamka gizani kwenda zamu, na akirudi huukuta mto ni mweupe.

"Hata hukuwasalimia," alisema, akiwasha gari.

"Ulikuwa umemaliza wote."

Walikwenda maili kadhaa.

"Na sasa umeahidi watu copies kumi na tano. Foronya nayo utai-photocopy?"

"Sita-photocopy." Jedidah alikuwa akitazama theluji dirishani. "Ziko kwa closet ya Fiona, kwa maboksi. Haziishi madoa hata nikizifua, na sikuweza kuzitupa. Nilikuwa naogopa, Baba Fiona. Sikujua nionyeshe nani."

"Ziko ngapi?"

"Ni za miaka tisa."

Muriuki, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukosa neno la kumshukuru msemaji, aliendesha gari mpaka Blaine akiwa kimya.