Wachawi Wenye Kibali

Katika mji wa Wolfsbrunn, pembezoni mwa Msitu Mweusi nchini Ujerumani, uchawi ni kazi ya wanaume. Wana chama chao, bendera yao, mwenyekiti na katibu, na mwanachama mpya hula kiapo mbele ya sahani ya soseji. Kila mwaka, katika msimu wa kanivali, kuanzia Epifania mwezi Januari hadi siku ya kuamkia Jumatano ya Majivu, huvaa sketi na vilemba, hufunika nyuso kwa vinyago vya mbao vyenye pua za kutisha, kisha huingia mitaani kuruka moto na kuwapaka wasichana masizi. Mwanamke haruhusiwi kuwa mchawi. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba mwanamke hawezi kubeba kinyago cha mbao siku nzima. Na anayeambiwa hivyo huwa ameshikilia kapu zito la nguo za wachawi, maana kuzifua na kuzishona ndiyo kazi waliyoachiwa wanawake.

Gudrun Isele alikuwa amezifua na kuzishona tangu usichana wake, na sasa alikuwa mjane mwenye mvi. Mdogo wake, Eugen, ndiye alikuwa mwenyekiti wa chama. Nguo hazikumsumbua Gudrun. Kilichomkaa rohoni ni kinyago kimoja, maarufu kuliko vyote, kiitwacho Vreni.

Kinyago hicho alikichonga baba yao, Alfons, mwaka aliooa, na sura aliitoa kwa mkewe Verena, ambaye watu walimwita Vreni kwa kifupi. Kidevu kilikuwa chake, mashavu yake, na ule mwanya wa meno ya mbele ulikuwa wake. Juu ya hapo kulikuwa na rangi ya kijani, makunyanzi, na chunjua kubwa puani. Mji mzima ulijua. Kila kanivali Alfons alivaa Vreni, na baada yake Eugen, na watu wakapiga kelele, "Vreni mbaya huyo! Mkimbieni Vreni!" Verena mwenyewe alisimama mlangoni na sinia la maandazi, akitabasamu kama anapigwa picha. Wakimwambia hiyo ni heshima, aliitikia kwamba ni heshima. Lakini Gudrun, akiwa mtoto, aliwahi kumkuta jikoni amejiinamia juu ya sufuria iliyong'arishwa, akijitazama na kujipapasa kidevu. Alipomwona mtoto alianza kuisugua sufuria upya.

Verena alifariki majira ya kuchipua. Mazishini mzee mmoja alimpa Gudrun mkono na kumwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba mji umempoteza Vreni lakini bado unaye. Gudrun alirudi nyumbani na kumwita mdogo wake.

"Hicho kinyago kisitoke tena, Eugen."

"Dada, unaniomba nizike urithi wa mji."

"Nakuomba uzike uso wa mama. Mwenyewe tumeshamzika."

"Mama alikuwa anajivunia!"

"Alikwambia hivyo?"

"Hakuwahi kulalamika hata siku moja."

"Na wewe hukuwahi kumuuliza hata siku moja. Ulikuwa unakula maandazi."

Eugen alisema kinyago ni mali ya chama. Alisema pia kwamba dada yake ana huzuni na huzuni hupita. Kisha akamkumbusha kwamba sketi yake imeachia mshono kiunoni.

Mwaka huohuo baraza la mji lilipata uchungu wa ghafla juu ya wanawake waliochomwa moto pale sokoni zamani za vita vya dini. Kwanza walitaka kibao cha shaba. Lakini kibao kingelazimika kutaja nani aliwachoma, na majina ya waliowachoma bado yako juu ya milango ya maduka, kuanzia bucha hadi kinyozi. Wakaona heri sanaa. Wakamwalika msanii kutoka Berlin, Jorinde Castell, mwanamke mrefu mwenye nywele fupi na sauti ya chini, aje kuwaandalia onyesho la kumbukumbu hadharani.

Chama cha wachawi hakikuchelewa. Eugen alikwenda mwenyewe kumwona.

"Tumesikia unahitaji wachawi. Sisi tunao. Tena wana uzoefu."

"Nahitaji wanawake," alijibu Jorinde.

"Sketi tunazo."

Jorinde alimtazama akingoja acheke. Eugen hakucheka. Basi, kwa usuluhishi wa meya, chama kikapewa kibanda cha soseji na divai ya moto, na wanawake wa mji wakapewa kumbukumbu.

Maagizo yalikuwa mepesi. Kila mwanamke aje na koti la kijivu, na aje na uso wa mwanamke aliyeumizwa na mji huu, wa zamani au wa juzi, iwe picha au mchoro. Watasimama kimya kuzunguka hodhi la mawe la sokoni. Msanii atasoma majina ya waliochomwa, na kwa kila jina mwanamke mmoja atafunika uso wake kwa uso aliokuja nao. Muuza dawa alileta picha ya shangazi yake aliyepelekwa kwa watawa kwa sababu ya mimba. Mwalimu wa muziki alileta mchoro wa uso wa mwanafunzi wake. Gudrun alikwenda darini, akafungua sanduku la chama, akamtoa Vreni. Ufunguo alikuwa nao yeye, maana katika wachawi wote wale hakukuwa na mmoja aliyejua kuzuia nondo wasile nguo.

Ilikuwa Novemba, Jumapili mchana, na soko lilijaa. Msanii alisoma, "Apollonia, mke wa mwoka mikate," na muuza dawa akafunika uso. Alisoma, "Ursel, mkunga," na mwalimu wa muziki akafunika wake. Watu walikuwa kimya hata ukasikia mafuta ya soseji yakichemka. Alisoma, "Barbel, aliyeishi peke yake." Gudrun akatoa kinyago chini ya koti, akakivaa.

"Simamisheni! Nani huyo amevaa Vreni?"

Eugen alitoka kibandani akiwa na aproni na koleo la soseji mkononi. Nyuma yake alitoka katibu wa chama, daktari wa meno Ketterer, bado anatafuna.

"Sasa inanoga," mtu mmoja akamwambia mkewe, akatoa simu kupiga picha.

"Ni mimi, Eugen," alisema Gudrun kutoka ndani ya mbao. "Nani mwingine ana ufunguo?"

"Vua. Unanitia aibu mbele ya chama."

"Zamu yangu haijaisha."

"Mwenyekiti, kanuni ni kanuni," alisema Ketterer, na akameza. "Amevaa nje ya msimu. Amevaa bila uanachama. Halafu ni mwanamke. Makosa matatu hayo."

"Ni mawili tu, daktari. Hilo la tatu nilizaliwa nalo."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Meya alifungua ratiba kuona kama kesi imo, hakuiona, akafunga ratiba na kuitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akidhani ni kivutio cha ghafla cha msanii. Jorinde aliinua mkono kutaka kuzuia, kisha akaona simu zote zile zimeinuliwa, akaushusha. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa pia msanii.

Kanuni ya chama ni ya kale na haina rufaa. Anayekutwa na kinyago bila kibali huhukumiwa papo hapo, mbele ya watu, na adhabu yake ni kuzamishwa kichwa mara tatu katika hodhi la soko, na kinyago kilichomponza kikiwa usoni. Kwa kawaida hufanyiwa vijana walevi wa vijiji vya jirani, nao huondoka wakiimba. Hapakuwa na mtu aliyefikiria kwamba ingemfikia fundi cherehani wa chama. Eugen alimsogelea dada yake, akashusha sauti.

"Dada, nakuomba. Sema tu kwamba wewe si mchawi. 'Mimi si mchawi, nimevaa kimakosa.' Basi. Nakupa divai ya moto tunarudi nyumbani."

Pale pale, kando ya hodhi lile lile, waheshimiwa wa zamani walikuwa wamewabembeleza wanawake kwa makoleo ya moto waseme kinyume chake. Wajukuu wao wamesonga mbele sana. Koleo la Eugen lilikuwa na soseji tu, na machozi yalikuwa yanamlengalenga kweli.

"Siwezi kusema hivyo," alisema Gudrun.

"Unashindwa nini? Ni maneno tu!"

"Nikisema mimi si mchawi, mtamchukua mama mumrudishe sandukuni. Januari utamvaa, na watu watamzomea."

"Gudrun, maji ni baridi. Una mapafu mabovu wewe."

Gudrun aliogopa. Aliwageukia watu.

"Mimi ni mchawi," akasema kwa sauti. "Andika hivyo, katibu."

Makofi yalirindima. Ketterer na mwanachama mwingine wakamshika viwiko, mmoja huku, mmoja huku, kwa adabu ya watu waliosoma naye shule.

"Samahani, Bi Gudrun. Nitakuzamisha taratibu."

"Hata meno yangu uliyang'oa taratibu. Fanya kazi yako."

Mara ya kwanza maji yaliingia kwa matundu ya macho na kumkata pumzi. Mara ya pili alisikia watu wakihesabu kwa furaha. Mara ya tatu alidhani hatainuka, akamkumbuka mama yake na sinia la maandazi, na moyo ukamuuma kuliko baridi. Walipomwinua, kitu kilimteleza kidevuni kikaanguka majini. Ilikuwa ile chunjua.

Kicheko kikafifia upande uliokuwa karibu. Rangi ya kijani ilikuwa inabanduka vipande vipande kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake unga mweupe wa chaki na gundi ulitiririka kwenye koti. Gudrun alikivua kinyago, akakiinamia, akakifuta kwa pindo la koti. Makunyanzi yakatoka yote, kwa kuwa hayakuchongwa. Pua ya kutisha ikatoka nayo. Yote yalikuwa yamebandikwa juu. Katika mbao nyeupe alibaki mwanamke kijana, mwenye mashavu yaliyojaa na mwanya mdogo, midomo imefunguka kidogo kana kwamba kuna mtu amemwita naye anageuka. Alfons alikuwa amemchonga mkewe kwanza, jinsi alivyomwona mwaka ule aliomwoa. Kisha akampaka uchawi, kwa sababu chama kilikuwa kimeagiza mchawi.

Gudrun hakujua amcheke baba yake au amlilie. Mtu mwenye mkono ule, na woga ule! Aliinua kinyago mbele ya mdogo wake.

"Eugen. Huyu ni nani?"

Koleo lilimtoka Eugen mkononi.

"Mwenyekiti, usijali," Ketterer alinong'ona. "Yuko mpaka rangi mzuri Freiburg. Kabla ya Epifania Vreni atakuwa amerudi kama zamani."

"Nyamaza, Ketterer."

"Nakuuliza kama mwenyekiti," alisema Gudrun. Meno yalikuwa yanamgongana kwa baridi. "Wewe unawajua wachawi. Mtazame vizuri. Huyu ni mchawi?"

"Hapana," alisema Eugen.

"Watu wa nyuma hawajasikia."

Eugen alivuta pumzi. Alikuwa mwanamume mnene, na aproni yake ilikuwa na alama za haradali, na alikuwa analia waziwazi mbele ya chama chote.

"Huyu si mchawi!" akapaza sauti. "Ni mama yetu. Hakuwahi kuwa mchawi!"

Soko zima lilipiga makofi, meya akiwa wa kwanza. Jorinde peke yake hakupiga. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa hodhi, karatasi ya majina imemlowea mapajani.

"Basi chama hakina madai naye," alisema Gudrun. Alivua koti, akamfunga mama yake ndani yake asipate baridi, akampeleka nyumbani.