Wafuga Nyuki wa Kamembe

Kibanda cha Vénuste huko Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda, kina kompyuta moja, printa moja na CV moja. CV hiyo aliitengeneza mwaka 2016 kwa kijana aitwaye Bruno, ambaye wiki mbili baadaye alipata kazi Kigali. Tangu hapo kila mteja hupewa karatasi ya Bruno. Vénuste hubadilisha jina, tarehe ya kuzaliwa, shule na namba ya simu. Mstari wa mwisho, ule wa mapendeleo, haugusi. Unasema: kusoma, kuogelea, kufuga nyuki.

Aurore Tumukunde wa Gihundwe aliuona siku alipokwenda kuchapisha yake.

"Papa Vénuste, mimi sijuwe nyuki. Toa hiyo."

"Nitoe? Bruno aliingia kazi na hiyo nyuki. Weye uko na diplôme kama yake. Unataka kupunguza nini?"

"Na bakiniuliza?"

"Ile ya chini kabisa? Hakuna patron mwenye kufika kule. Banachoka mbele ya kufika."

Aurore alipima jambo hilo. Mkataba wake wa kufundisha uliisha Juni. Mama yake, ambaye kila asubuhi huvuka mpaka kwenda Bukavu na beseni la nyanya kichwani, alikuwa amekwisha kununua beseni la pili, la buluu, akaliegemeza karibu na mlango. Hakusema ni la nani. Alisema tu kwamba ikifika Jumatatu hakuna kazi, beseni halitakaa tupu. Aurore aliwaacha nyuki walipo.

Jumatano aliitwa kwenye mahojiano. Kazi ilikuwa ya kutunza stoo katika depo mpya ya unga, kwenye mteremko wa kuelekea mpakani. Mwenye depo, Maman Eugénie Buhendwa, mfanyabiashara wa Bukavu, alikuwa anaajiri upande huu kwa mara ya kwanza. Uani kulikuwa na viti vitano na watu watano. Mwenye depo hakuuliza habari za shule. CV alikuwa amezisoma kuanzia chini.

"Nilipata makaratasi makumi mbili," alisema. "Niliita batu batano tu, benye kufuga nyuki. Sikujuwa Rusizi iko na ufundi hivi. Mukuje."

Aliwaingiza deponi akaelekeza kidole juu. Mvumo ulisikika kabla ya nyuki kuonekana. Kundi lilikuwa limening'inia kwenye boriti, kubwa kama mto wa kulalia. Kamioni ya unga ingefika Jumamosi, na wapakuzi walikwisha sema hawaingii.

"Mwenye atanitolea hii, kazi iko yake. Nani anaanza?"

Watano walitazamana. Ilieleweka kwamba wote ni watoto wa printa moja.

Nsabimana wa Nyakabuye alisema nyuki hawa ni wa Kongo, na yeye amezoea wa Rwanda.

"Banakuonesha passeport?" Maman Eugénie alimuuliza.

Larissa alisema daktari amemkataza asali.

"Sikukutuma uikule."

Christophe-Aimé alieleza kwamba kwanza lazima malkia achunguzwe kwa mbali. Akatoka nje ili apate umbali wa kutosha, na pikipiki ikasikika ikiondoka. Wa nne, Ciza, alipanda ngazi. Hilo lazima akubaliwe. Alipanda vipandio vitatu, akavishuka vyote kwa mkupuo, sikio la kushoto limeanza kuvimba.

"Na weye?"

"Unipe mpaka kesho jioni, Maman," alisema Aurore. "Mufugaji hatumike kazi bila vyombo vyake."

Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli kabisa. Ila haikumhusu yeye.

Alikwenda moja kwa moja kwa Vénuste, akachukua namba ya Bruno, akapiga.

"Kaka Bruno, mimi ni Aurore wa Gihundwe. Mu CV yako kuko nyuki."

Kikafuata kicheko kirefu. "Ile ingali iko?"

"Banatolewaka namna gani?"

"Dada, mimi nyuki nilibaonaka ku kalendari. Karatasi ilibakia na nafasi chini, Papa Vénuste akasema tujaze. Nikawaza mjomba wangu, Mzee Niyomugabo wa Butare ya kule Rusizi mashambani, hapana ile ya muji mukubwa. Ule ndiye eko na mizinga."

"Unipe namba yake."

"Hapendi simu. Uende."

Kwa hiyo, katika miaka yote ile, ukweli pekee uliokuwamo katika mstari ule ni mjomba, naye hakuandikwa.

Aurore alifika Butare kwa pikipiki Alhamisi asubuhi. Mzee Niyomugabo aliuliza swali moja: boriti ni ya mti ao ya chuma? Aliposikia ni ya mti, alichukua mzinga mtupu, kiberiti na fungu la majani makavu. Aurore alipogusia malipo, mzee alimtazama kwa huruma.

"Munanipatia nyuki bure, halafu munataka kunilipa?"

Saa kumi na moja jioni, deponi, mzee alipanda ngazi, akafukiza moshi, akalipangusa kundi ndani ya mzinga kwa tawi, taratibu kama mtu anayefagia unga uliomwagika. Aurore alishika ngazi huku amefumba macho. Maman Eugénie alitazama kutoka ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Kazi ilipokwisha alishusha kioo nusu.

"Sasa uniambie. Unafugaka nyuki ao hapana?"

Aurore alimtazama Mzee, aliyekuwa bado karibu akisikia. "Hapana, Maman. Ninabaogopa sana."

"Kuogelea?"

"Hapana."

"Kusoma?"

"Kusoma, ndiyo."

"Basi usome hii." Akampitishia daftari la stoo, funguo juu yake. "Mwenye kujifanya hodari alirudia kwabo na sikio ya kuvimba. Mwenye kuogopa ameniletea muntu. Kamioni inafika Jumamosi saa mbili. Usichelewe."

Jumatatu nguo za kazi zilifuliwa katika beseni la buluu. Baada ya kazi Aurore alipita kwa Vénuste, akamwomba kwa upole na kwa mara ya mwisho aufute mstari ule.

"Nitoe?" Vénuste alishangaa. "Mwanzo ilikuwa Bruno peke yake. Sasa muko babili."

Kwenye benchi alikaa Ciza, akisubiri nakala zake. Sikio lilikuwa bado jekundu.

"Ya mimi usiiguse, Papa Vénuste," alisema. "Mimi sasa niko na expérience."