Nafasi Tupu Ndani ya Picha ya Shingo

Jumanne, tarehe 18 Machi 2025, saa tano na dakika thelathini na nane asubuhi. Mvua kubwa ilikuwa ikinyesha Nyakabanda, na bati la ofisi lilipiga kelele hivi kwamba Winifred alilazimika kuziba sikio moja ili asikie simu.

Aliyepiga alikuwa Illuminée, muuguzi wa zahanati moja ya Masaka.

"Dada, picha yetu ya eksirei haifunguki. Daktari Mukunde wa huko mjini anasema kwake iko kijivu tupu."

"Ipigeni upya, dada."

"Tuipige na nini? Umeme uliporudi, mashine iliungua. Niyongabo yuko hapa, fundi mwashi, ameanguka kutoka ghorofani. Miguu haisikii. Daktari hataki tumsogeze kabla hajaona shingo. Picha ni hiyo moja mliyo nayo."

Winifred hakukata simu. Aliifungua picha katika hifadhi ya tovuti ambayo yeye na mwenzake Rwema waliijenga ili zahanati zipeleke picha kwa madaktari wa mjini. Fomu ya tovuti hiyo hubeba maandishi tu. Kwa hiyo kila picha hugeuzwa kwanza kuwa mfululizo mrefu wa herufi, kwa njia iitwayo Base64, kisha upande wa pili hurudishwa kuwa picha. Shingo ya Niyongabo ilikuwa herufi zaidi ya laki nne. Katikati yake mlikuwa na nafasi tupu, nyingi mno.

Base64 haina nafasi tupu.

Akatazama saa. Kila siku, saa sita kamili, programu ya Rwema hupita katika hifadhi yote na kufuta nafasi za ziada. Aliiandika kwa sababu wauguzi huandika majina kwa haraka, na mgonjwa mmoja huonekana kama wawili. Ilichokifuta hakirudi tena. Tena ofisi ilikuwa na kanuni moja isiyovunjwa: hakuna anayegusa seva mpaka mwenzake asome alichoandika na kutoa idhini.

"Rwema, zuia usafishaji wa leo."

Rwema alikuwa akinywa chai. "Kwa nini? Nafasi ni uchafu. Subiri dakika ishirini, picha itajifungua yenyewe."

"Haitajifungua. Itakufa."

"Nyinyi mliokulia Mwanza kwa maneno! Nionyeshe, usinihubirie."

"Haya, mtu wa Mbarara, hesabu nami. Herufi kubwa?"

"Ishirini na sita."

"Na ndogo ishirini na sita. Tarakimu kumi."

"Sitini na mbili."

"Base64 ina alama sitini na nne. Mbili zilizobaki ni mshazari na alama ya kujumlisha. Itafute hiyo ya kujumlisha humu."

Rwema alitafuta. Hakuna hata moja. Akatafuta mishazari: elfu sita na mia mbili. Akahesabu nafasi tupu: elfu sita na mia tatu. Akaweka kikombe chini.

"Zimegeuka nafasi," alisema.

"Fomu za wavuti husoma alama ya kujumlisha kama nafasi, isipoandikwa kwa msimbo wake. Ukurasa mpya wa kutuma niliuandika mimi. Umeanza kazi jana asubuhi. Nilisahau msimbo."

"Na picha za jana asubuhi?"

"Programu yako ilishazipitia saa sita."

Nafasi zikishafutwa, hakuna anayejua zilikuwa wapi.

Saa tano na dakika arobaini na tisa, Winifred alimaliza amri: palipo na nafasi, pawekwe alama ya kujumlisha, picha zisiguswe na usafishaji. Rwema alianza kusoma, kidole kikifuata kila mstari.

"Harakisha, bwana."

"Nyamaza, nasoma."

Kutoka kwenye simu, Illuminée aliita. "Dada, mko?"

"Tuko."

"Anauliza kama atakufa. Nimwambie nini?"

"Mwambie asigeuze kichwa."

Kidole cha Rwema kilisimama. "Hapa. Amri yako inagusa hata majina. Kila mgonjwa atapata alama ya kujumlisha katikati ya jina."

Winifred aliona. Alifuta neno moja, akaandika jingine, na mkono wake ukakosea herufi mara mbili. Saa tano na dakika hamsini na saba. Rwema alirudi mwanzo, akasoma mistari yote upya.

"Nimeidhinisha."

Amri ilikwenda. Winifred alihesabu urefu wa maandishi: uligawanyika kwa nne bila kubaki kitu, kama inavyotakiwa. Akafungua picha. Mifupa saba ilijitokeza, myeupe juu ya giza. Saa sita ilipita, na usafishaji haukuigusa.

Dakika nne baadaye sauti ya Illuminée ilirudi. "Daktari ameiona. Mfupa wa tano una ufa. Anasema tungemwinua bila ubao, angeweza kufa."

Daktari Mukunde alituma gari lenye ubao na kola ngumu ya shingo, akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe. Illuminée alikaa sakafuni akishika kichwa cha Niyongabo kwa mikono miwili mpaka gari lilipofika. Niyongabo hakugeuza kichwa. Rwema aliandika upya programu yake ili isafishe majina peke yake, akampa Winifred aisome. Winifred aliisoma, akarekebisha ukurasa wa kutuma, akampa Rwema ausome, kisha akapigia simu zahanati tano, moja baada ya nyingine, akiziomba zipige upya picha kumi na moja za jana asubuhi. Kila aliyeuliza kosa lilikuwa la nani, alimjibu kwamba lilikuwa lake.