Doa la Alhamisi

Watu wakiniuliza kwa nini nilirudia kula nyama baada ya miaka kumi na moja, nawaambia daktari ameniagiza. Daktari mwenyewe hana habari na mimi. Ni jibu linalofunga midomo tu, maana hakuna anayebishana na daktari asiyemjua. Ukweli ulianzia kwenye mkono wa shati la mume wangu, na mpaka leo sijaupenda.

Mimi ni fundi cherehani. Nguo za watu huniambia mengi kuliko wenyewe. Najua nani amenenepa kabla mkewe hajajua, na najua nani amelia akajifutia kola. Basi Ijumaa moja asubuhi nilikuwa natenga nguo za kufua, nikakuta doa kwenye shati la mume wangu, pale karibu na kifungo cha mkono. Lilikuwa dogo, halizidi ukucha. Nililigusa nikasita. Lilikuwa limeganda, jeupe, na nilipolikwangua likatoka kama nta.

Mafuta tunayopikia nyumbani hayagandi ng'o. Yanayoganda hivyo ni mafuta ya mnyama. Nikalinusa kuhakikisha. Mbuzi.

Niwaeleze kwa nini niliketi ukingoni mwa kitanda na lile shati mapajani kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Binti yetu, ambaye ndiye mtoto wetu pekee, alipokuwa na miaka tisa, mbuzi aliletwa nyumbani akafungwa uani siku nne, akisubiri wageni. Mtoto ndiye aliyekuwa akimlisha na kumnywesha. Siku ya tano akamkuta kwenye sinia. Aligoma kula, na si nyama tu, kila kitu. Hata mchuzi wa nyanya aliutazama kwa jicho baya. Alipofika siku ya tatu bila kutia kitu mdomoni, nilitangaza kwamba nyama haitapikwa tena nyumbani kwangu, wala haitaliwa na yeyote kati yetu, ndani wala nje. Mume wangu alikubali bila neno. Mtoto akarudi kula.

Tangu hapo mtaani naitwa Mama Majani, na jina hilo nililivaa kwa raha zangu. Mteja akija kupimwa gauni, kabla sijafika kiunoni nilikuwa nimeshamhubiria habari za dengu. Wengine walijifanya wana haraka.

Kwangu halikuwa suala la kitoweo. Lilikuwa jambo moja ambalo sisi watatu tuliahidiana na tukalishika. Anayeweza kulivunja hilo kimyakimya, nilijiambia, hakosi kingine alichovunja. Halafu nyama haiokotwi njiani. Mtu hupikiwa. Na mwanamke anayempikia mume wa mtu ana sababu zake.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ndiyo kazi yangu. Nikaanza kuchunguza.

Mume wangu anakata vioo katika duka la miwani karibu na posta. Ni mpole, maneno yake ya kuhesabu, na huiweka miwani yake juu ya paji la uso kisha akaitafuta nyumba nzima. Kwa miaka ishirini na tatu ya ndoa sikuwahi kumshuku kwa lolote, na hilo lenyewe sasa likanitia wasiwasi. Nikamwambia nataka kumshonea suruali mpya. Akasimama katikati ya chumba, mikono juu, nikampitishia futi kiunoni. Vidole viwili zaidi ya mwaka jana.

"Unanenepa," nikamwambia.

"Uzee huo."

"Uzee gani unaokaa tumboni peke yake?"

"Wa ukoo wetu," akasema. "Marehemu baba alikuwa hivihivi."

Nikaivuta futi kidogo kupita ilivyohitajika.

Jambo la pili lilikuwa kijiti cha meno. Nilikikuta kwenye mfuko wa shati, kimetafunwa ncha. Tangu lini mchicha na dengu vikahitaji kijiti? La tatu, Alhamisi jioni hakuwa na njaa. Siku nyingine zote alikula vizuri, lakini Alhamisi alisogezasogeza chakula kwenye sahani, akasema amechoka, akaenda kulala akinuka karafuu.

"Karafuu za nini?"

"Jino," akanijibu, akageukia ukutani.

Nililala nikiwa macho. Nilimuona huyo mwanamke wazi kabisa, ana jiko safi na sauti nyororo, hamuulizi mtu maswali. Nilimchukia na sura yake sikuijua.

Jumapili binti yetu akaja kututembelea kama kawaida yake. Anasomea uuguzi na anakaa bwenini chuoni. Miaka miwili nyuma alikuwa amekonda mpaka sketi zake nilizipunguza mara mbili, lakini sasa alikuwa amepata mashavu na rangi, nami nikazisifu dengu zangu ninazomfungashia kila wiki. Naye siku hiyo alikuwa akitafuna karafuu. Nikafikiri, haya, sasa hata meno mabovu yanarithiwa.

Nilimvuta jikoni nikamweleza yote, doa, kijiti na Alhamisi. Nilimweleza kwa sababu nilimhesabu upande wangu. Yeye ndiye chanzo cha ahadi yenyewe.

Akaangalia sakafu. "Mama, achana naye. Labda kazini wanakula pamoja."

"Unajua kitu?"

"Sijui kitu."

"Nitazame usoni useme hujui."

"Nimechelewa basi," akasema, na saa ilikuwa bado mapema. Akasahau hata mfuko wake wa dengu mezani. Nikabaki nimeushika, nikaelewa nilivyoelewa: mtoto anamjua huyo mwanamke, na anamfichia baba yake siri.

Alhamisi sikuweza kufanya kazi. Nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia, nikaufumua, nikaushona tena vilevile. Saa sita na nusu nikafunga duka, nikamwachia mteja wa koti maagizo kwa jirani kwamba nimepatwa na dharura, nikaenda kusimama ng'ambo ya duka la miwani, nyuma ya banda la magazeti. Muuza magazeti aliniuliza mara mbili kama nanunua au nasoma bure.

Saa saba kamili mume wangu akatoka. Hakutazama kushoto wala kulia. Alinunua papai kubwa, akalibonyeza kwa kidole gumba kulipima, akalikumbatia. Miaka yote hiyo sijawahi kuletewa papai. Nikamfuata kwa mbali mpaka kwenye majengo ya ghorofa nyuma ya posta. Akaingia mlango wa chini, wa tatu kutoka mwisho, bila hata kubisha.

Niliijua nyumba ile. Anakaa dada yake, wifi yangu, mpiga chapa mstaafu. Mtu mwingine angeshusha pumzi hapo. Mimi sikushusha. Wifi huyu ndiye aliyewahi kusema mbele ya halaiki kwamba kaka yake analishwa kama sungura. Mtu wa namna hiyo hashindwi kumtafutia kaka yake mke wa pili, amuweke sebuleni kwake na kuwapikia.

Nikazunguka nyuma. Dirisha la jiko lilikuwa wazi, na mvuke unatoka. Nyama ya mbuzi, tangawizi, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia. Mate yakanijaa mdomoni na nikaona haya peke yangu kwenye kile kichochoro. Kisha nikasikia kicheko cha mwanamke kijana. Nikashika nondo za dirisha, nikajiinua kwa vidole vya miguu, nikachungulia.

Alikuwa binti yangu.

Ameketi mezani na sare yake ya chuo, ameshika mfupa kwa mikono miwili. Shangazi yake anamimina mchuzi. Mume wangu amevua miwani, anafuta machozi kwa kicheko, mabega yanamtikisika. Sikukumbuka lini nilimuona anacheka kwa mdomo wote namna ile. Maneno niliyoyaandaa yalikuwa ya mwanamke mgeni. Kwa hawa sikuwa nayo.

Nilirudi mlangoni. "Hodi."

"Karibu, ndani wazi," wifi akaitikia bila kugeuka. Akageuka. "Wifi."

Binti yangu akauficha mfupa chini ya meza. Ana miaka ishirini, anachoma watu sindano, na akauficha mfupa chini ya meza. Mume wangu akavaa miwani haraka, ikakaa upande.

"Tangu lini?" nikauliza.

Walitazamana. "Miaka miwili, mama," akasema binti.

"Miwili."

"Nilianguka wodini. Nilikuwa natandika kitanda cha mgonjwa, nikaanguka juu yake. Walinipima, damu ilikuwa chini sana. Wakanipa vidonge, vikanichafua tumbo. Daktari akasema nikiweza nile nyama." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Na siyo hilo tu. Nilikuwa na hamu. Napita kantini nasikia harufu, natamani mpaka nalia. Nimekua, mama. Yule mbuzi nimemsahau hata rangi."

"Alikuwa mweusi," nikasema. "Ana sikio moja lililochanika."

Binti yangu akautoa mfupa chini ya meza, akaurudisha sahanini.

"Na wewe?" nikamgeukia mume wangu. "Nawe ulianguka wodini?"

"Kaka alikuwa anakuja kukaa naye tu, asile peke yake," wifi akamjibia. "Wiki ya kwanza alikula mkate mtupu. Ya pili akasema aonje mchuzi."

"Mchuzi una kosa gani," mume wangu akanong'ona.

Nilikuwa nimekasirika na nilikuwa na haki. Walinidanganya kila Alhamisi kwa miaka miwili, na kwenye meza ile kulikuwa na viti vinne lakini sahani tatu. "Kwa nini hamkuniambia? Mimi ni mama yako. Ungeniambia damu imepungua, ningekuua?"

Wifi akaanza kukoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. Mume wangu akatazama papai. Binti yangu ndiye aliyenitazama.

"Ningeanzia wapi? Kila nikija nyumbani unaninusa."

"Nakukumbatia."

"Unaninusa, mama. Unaanza kwenye nywele, unashuka shingoni, halafu ndiyo unaniachia. Toka nina miaka tisa. Nikipanda basi Jumapili natafuna karafuu kituo hadi kituo, mpaka ulimi unakufa ganzi. Wakati mwingine nakaribia kuteremka nirudi zangu."

Mimi si mtu wa kukosa neno. Watu wanaonijua watawaambia. Nilitaka kusema si kweli, na ulimi ukakataa, kwa sababu nilikuwa naijua ile pumzi. Ilikuwa ile ile niliyoivuta juu ya doa. Hasira ilikuwepo bado, lakini aibu ikaipita ikakaa mbele.

Aliponiona nimenyamaza, akaogopa. Akasukuma sahani yake katikati ya meza. "Basi yaishe. Naacha. Kuanzia leo naacha tena, wala usihuzunike."

Alisema kwa heshima kabisa, na alimaanisha. Angeacha. Angerudi kukonda, angemwangukia mgonjwa mwingine, na Jumapili angekuja kuniambia dengu ni tamu. Nikaangalia vidole vyake pale mezani. Kucha zilikuwa na rangi ya waridi, rangi ambayo mwaka juzi hazikuwa nayo, na si mimi niliyeirudisha.

Nikavuta kiti. Nikachukua kipande kutoka kwenye sahani yake, kidogo, chenye mfupa, nikakiweka mdomoni. Nilitafuna muda mrefu. Sikusikia utamu niliousikia pale dirishani. Nilisikia ugumu, na taya likaniuma, na nikameza kwa sababu watu watatu walikuwa wananiangalia koo.

"Imepungua chumvi," nikasema.

"Chumvi hiyo hapo," wifi akajibu, lakini alinisogezea mwenyewe.

Nikamrudishia binti yangu sahani. "Kula." Akala. Polepole mwanzoni, kisha kama mtu mwenye njaa ya kweli. Mume wangu naye akala. Wifi akaleta sahani ya nne, akakata papai.

Nilikuwa nasubiri wacheke. Nilidhani nikishakula nao, kile kicheko nilichokisikia kichochoroni kitarudi, na safari hii nitakuwa ndani. Hakikurudi. Kila mmoja alichunga mdomo wake.

"Mlikuwa mnacheka nini mwanzoni?" nikauliza.

"Mambo ya kazini tu," mume wangu akasema, akishughulika na mbegu za papai. Nilijua anadanganya, na nikamwacha.

Saa nane kasoro robo binti yangu akainuka arudi chuoni. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Akanigeukia, akashusha mikono, akainamisha kichwa kidogo upande, shingo wazi, kwa mazoea ya miaka kumi na moja. Nikamkumbatia. Nilibana pumzi, na sikuiachia mpaka aliponiachia yeye.